Mshereheshaji na Hadhira Yake: Sajili ya Burudani ya Usiku Mjini Kisii na Nyamira

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya washereheshaji wa klabu na matamasha ya usiku katika miji ya kaunti za Kisii na Nyamira. Yanashikilia kwamba usiku wa burudani ni uwanja halali wa fasihi simulizi na isimujamii, na kwamba uteuzi wa lugha jukwaani si jambo la mapambo tu. Ndio unaoamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni katika ukumbi ambao wote wamelipa kiingilio kile kile.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoulizwa fasihi simulizi hutendwa wapi, aghalabu hujibu kwa picha aliyoipata shuleni: bibi, moto wa kuni, na wajukuu waliokaa duara. Picha hiyo si ya uongo, lakini imechakaa. Mwanafunzi huyo huyo, jioni ya Ijumaa inapofika, huvaa nguo zake nzuri, akaungana na wenzake wanne au watano, wakachanga nauli na kuelekea mjini. Huko hukaa hadi usiku wa manane akimsikiliza mtu mmoja mwenye maikrofoni anayeamkia, anayetania, anayesifu, anayetega na kutegua. Jumatatu hurudi darasani kusoma sifa za fanani bila kutambua kwamba alikuwa mbele yake siku tatu zilizopita.

Lengo la makala haya ni kumrudisha mwanafunzi huyo ukumbini akiwa na daftari kichwani. Hatukusudii kuusifu ulevi wala kuufanya ukumbi kuwa mahali patakatifu. Tunakusudia kuonyesha kwamba pana kazi ya lugha inayofanyika pale, na kwamba kazi hiyo ikifanywa vibaya huumiza watu.

2.0 Mahali na Historia Yake

Wenyeji huuita mji wa Kisii Bosongo, jina linalohusishwa na Wazungu waliokita hapo kituo chao cha utawala mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, mtu akitembea mjini humo atakutana na majina kama Daraja Mbili na Mwembe. Majina hayo yanatukumbusha kwamba Kiswahili si mgeni wa jana katika mji huu. Kimekuwa lugha ya soko, ya stendi na ya barabara, ilhali vilima vinavyouzunguka mji vinazungumza Ekegusii.

Nao Ekegusii una hali ya pekee. Ni lugha ya Kibantu iliyozungukwa kwa sehemu kubwa na lugha zisizo za Kibantu: Kiluo upande wa magharibi na kaskazini, Kikipsigis upande wa mashariki, na Kimaasai upande wa kusini. Mji wa Keroka umekaa kwenye mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira. Chepilat nayo imekaa mpakani mwa Nyamira na Bomet, mahali ambapo Abagusii na Wakipsigis huuziana na kununuliana kila siku. Kwa hiyo mshereheshaji anayesimama jukwaani katika eneo hili hawezi kudhani kwamba hadhira yake yote inajua lugha moja ya nyumbani.

Usiku wa burudani pia haukuanza na umeme. Zamani za Abagusii, vijana wa kiume waliishi katika kambi za mifugo zilizoitwa ebisarate, wakilinda ng'ombe, mpaka utawala wa Kiingereza ulipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee walinywa amarwa, yaani pombe ya nafaka, kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mpiga obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi 8 chenye sauti nzito, aliimba habari za watu waliokuwa mbele yake. Baadaye likaja gita na mdundo wa benga. Christopher Monyoncho, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kote Gusini kwa benga ya Ekegusii. Tangu obokano hadi spika za leo, nafasi ya mtu anayeita majina ya waliohudhuria haijawahi kuachwa wazi.

Kuna jambo jingine ambalo mtafiti wa Gusii hana budi kulizingatia. Kanisa la Waadventista wa Sabato lina mizizi mirefu katika eneo hili, na Sabato huanza jua linapotua siku ya Ijumaa. Maana yake ni kwamba saa ile ile ambayo mwanafunzi anatoka bwenini kwenda kustarehe, nyumba nyingi za Gusii zinafungua nyimbo za kuipokea Sabato. Neno kesha linatumika pande zote mbili, kwa wanaokesha katika maombi na kwa wanaokesha katika muziki. Mshereheshaji hodari anajua kwamba nusu ya hadhira yake imelelewa na nyimbo hizo, na ndiyo maana hachoki kuazima mtindo wa mhubiri: swali, kimya kifupi, kisha jibu la wote.

Sheria nayo imeingia ukumbini. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Wakenya waliipachika jina la mbunge aliyeipigania, John Mututho, na jina la mtu likawa nomino ya kawaida: “saa za Mututho.” Kisha likaja janga la korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 2020 na kuondolewa Oktoba 2021. Mnamo Juni 2021, Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa kaunti 13 za magharibi mwa nchi zilizowekewa amri kali zaidi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Katika kipindi hicho washereheshaji wengi nchini walihamia katika simu na mitandao, wakisema na hadhira wasioiona. Waliorejea jukwaani walikuta kwamba hakuna kifaa kinachoweza kuchukua nafasi ya hadhira inayoitikia.

3.0 Vyombo vya Uchambuzi

Tutatumia vyombo vitatu ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuvishika bila shida.

Cha kwanza ni mtazamo wa utendaji. Ruth Finnegan (1970) alisisitiza kwamba fasihi simulizi haipo kamili mpaka itendwe, na Richard Bauman (1977) akaongeza kwamba mtendaji hujitwika jukumu mbele ya hadhira inayompima kwa ufundi wake. Mshereheshaji hupimwa papo hapo. Akichosha, watu hugeukia vinywaji vyao. Akifurahisha, hutunzwa, nasi twajua kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Cha pili ni vipengele vinane vya tukio la mawasiliano alivyovipanga Dell Hymes: mandhari, washiriki, malengo, mfuatano wa matendo, toni, vyombo vya lugha, kaida na utanzu. Mwanafunzi akivijaza vipengele hivi kwa usiku mmoja tu wa klabu atashangaa jinsi daftari lake litakavyojaa.

Cha tatu ni nadharia ya Carol Myers-Scotton (1993), aliyefanya utafiti wake humu humu Afrika Mashariki. Alieleza kwamba kila mazingira yana lugha inayotarajiwa, na kwamba msemaji anapoiacha huwa anatoa ujumbe juu ya uhusiano wake na wanaomsikiliza. Kubadilisha msimbo, basi, si dalili ya uvivu wa lugha. Ni madai: wewe ni wangu, au wewe si wangu.

4.0 Uchambuzi wa Sajili

Hebu tuchukue mfano. Maneno yafuatayo tumeyatunga kwa ajili ya somo hili, lakini yeyote aliyewahi kukesha mjini Kisii atayatambua:

“Bwairire! … Sijasikia. Bwairire! Waliotoka Keroka wako wapi? Waliotoka Nyamira? Mmekuja na matatu ama mmekuja na miguu? Na wale wageni wetu wa Kisumu, inueni mikono tuwaone. Leo hapa hakuna mgeni. Mgeni ni yule aliyebaki nyumbani. Dijei, weka ngoma!”

4.1 Kufungua. Salamu ya jioni ya Ekegusii hutolewa mara mbili. Mara ya kwanza ni salamu. Mara ya pili ni mtihani. Fanani wa kale alifungua ngano kwa fomyula na hakuendelea mpaka aitikiwe. Huyu naye haendelei. Kazi ya fomyula ni ile ile: kuwatoa watu katika mazungumzo yao ya meza moja moja na kuwafanya hadhira moja.

4.2 Kuita kwa mahali. Katika sajili hii mtu hatajwi kwanza kwa jina lake bali kwa anakotoka. Kila mahali panapotajwa huitika kwa kelele, na kelele hizo hushindana. Huu ni utanzu wa majigambo uliogawanywa kwa watu wengi: mshereheshaji anataja, nayo hadhira inajigamba.

4.3 Utani. Swali la matatu na miguu ni utani wa watani, si tusi. Hata hivyo utani una mipaka, na mpaka wake ni kwamba mtaniwa lazima aelewe na aweze kujibu. Utani usiojibika ni dhihaka.

4.4 Mgongano wa maana. Ubilingo wa hadhira ni hazina ya vichekesho. Katika Ekegusii neno baba humaanisha mama, nalo tata humaanisha baba. Kijana anayemwambia mwenzake kwa Ekegusii kwamba “baba” amepiga simu anazungumza habari za mamake, na Mswahili aliyeketi karibu atasubiri sana kuona jinsi hadithi itakavyokwenda. Washereheshaji huutumia mgongano huu kwa ustadi, nao hauchekeshi mpaka pande zote mbili zielezwe.

4.5 Matamshi. Ekegusii hauna sauti /l/, una /r/. Kitenzi kulala ni korara katika Ekegusii. Kwa hiyo Omogusii anayesema “narara” kwa Kiswahili hajaharibu neno kwa kukosa akili. Amelipitisha katika mfumo wa sauti za lugha yake, na neno lenyewe ni ndugu wa lile la Kiswahili kwa asili ya Kibantu. Vivyo hivyo kitabu kimekuwa egetabo. Kiambishi cha ngeli hiyo ni eke- katika Ekegusii, lakini ni ege- katika egetabo, kwa sababu k hugeuka g panapofuata konsonanti isiyo ghuna. Kanuni hiyo wanaisimu huiita Sheria ya Dahl. Mchekeshaji anayeiga matamshi haya ili watu wacheke anachekesha kwa kanuni ambayo hajaisoma. Tuliosoma tuna wajibu wa kucheka kwa kiasi, na wa kueleza.

4.6 Kufunga. Kufunga pia kuna fomyula. Muziki hupunguzwa, watu hutakiwa safari njema, walio na magari huonywa wasiendeshe wakiwa wamelewa, na waliokuja pamoja huhimizwa waondoke pamoja. Wasia huu wa mwisho unafanya kazi iliyofanywa na funzo katika ngano. Tofauti ni kwamba hapa funzo linahusu uhai wa msikilizaji usiku ule ule.

5.0 Lugha, Mgeni na Mpaka

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Usiku mmoja tulitoka kundi la wanafunzi watano, wanne wetu Abagusii na mmoja Mjaluo, kwenda katika klabu moja mjini Kisii. Mshereheshaji alianza kwa Kiswahili vizuri sana. Kadiri usiku ulivyozidi kuchangamka, alihama polepole hadi akabaki katika Ekegusii peke yake. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko mara kwa mara. Mwenzetu alicheka pia, lakini kila mara alichelewa kidogo. Alituuliza, “Amesema nini?” Tulimwambia ni mambo madogo tu, tutamweleza baadaye. Hatukumweleza. Kabla ya saa sita akasema amechoka. Njiani alinena neno ambalo sijalisahau: “Nilicheka ili nisionekane kama ninayechekwa.”

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Hata hivyo lugha ilikuwa imemtoa nje ya ukumbi akiwa amekaa ndani, nasi rafiki zake tulishika mlango.

Majuma machache baadaye tulimshawishi aje tena, mahali pengine. Mshereheshaji wa huko alikuwa na tabia moja: kila alipotoa kichekesho kwa Ekegusii, alikirudia kwa Kiswahili, akikiongezea chumvi kidogo. Kicheko kikawa kinakuja mara mbili. Cha kwanza kilikuwa cha wenyeji. Cha pili kilikuwa cha wote, maana wenyeji nao walicheka tena kwa kusikia jinsi maneno yao yalivyobadilika sura. Mwenzetu alikaa mpaka mwisho.

Kwa nadharia ya Myers-Scotton, mshereheshaji wa kwanza alitangaza kwamba haki za ukumbi ni za wenye lugha. Wa pili alitangaza kwamba mwenye lugha ni mwenyeji, na kwamba wajibu wa mwenyeji ni kukaribisha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa kweli mwenyeji alipona, kwa kuwa kichekesho chake kilipata uhai wa pili.

Atakayesema kwamba tunakuza jambo dogo na akumbuke mwanzo wa mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka. Watu waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi waligeukiana; nyumba zilichomwa na watu wakauawa. Hatudai kwamba utani wa jukwaani ulisababisha vita vile. Vita vile vilikuwa na mizizi ya siasa na ardhi. Tunachosema ni kwamba katika eneo lililokwisha kuona jambo kama hilo, kila mahali ambapo vijana wa lugha mbalimbali wanakaa pamoja kwa hiari yao, wakila, wakicheza na kucheka, ni pa kulindwa. Viwanja vya namna hiyo si vingi.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya watetezi wa lugha za kiasili. Watauliza: je, mnataka Ekegusii ufukuzwe jukwaani katika ardhi yake wenyewe? La, hasha. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara hiyo hiyo inalitaka taifa lilinde na kukuza wingi wa lugha za watu wake. Vijana wengi wa mjini husikia methali za Ekegusii mara chache sana, na huenda jukwaa likawa mahali pao pa mwisho pa kuzisikia. Tunachopendekeza ni tafsiri ya papo hapo, yaani lugha mbili zipeane zamu badala ya moja kuifungia nyingine nje. Hiyo ni stadi, na Idara zetu za Kiswahili zinaweza kuifundisha.

Pingamizi ya pili ni ya wasanifishaji. Watasema kwamba lugha ya klabuni ni mchafukoge wa Sheng, Kiingereza na matusi. Katika hili wana nusu ya ukweli. Kuchanganya ndimi si kosa. Ni desturi ya miji yote. Lakini matusi ni matusi kwa lugha yoyote. Washereheshaji wanaomchagua msichana mmoja ukumbini wakamfanya shabaha ya maneno ya aibu, huku mamia wakishangilia, wanavunja kanuni tuliyoitaja hapo juu: mtaniwa lazima aweze kujibu. Msichana asiye na maikrofoni hawezi kumjibu mwenye maikrofoni. Kasoro hii haiponywi kwa Kiswahili sanifu. Mtu anaweza kumdhalilisha mwenzake kwa ngeli zilizopatana barabara.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mshereheshaji wa usiku katika miji ya Kisii na Nyamira ni fanani mwenye fomyula, mwenye tanzu na mwenye hadhira inayompima. Tumeona pia kwamba uteuzi wake wa lugha unajenga au kubomoa ujirani. Kwa wahadhiri, tunapendekeza kazi za nyanjani zisiishie kwa wazee vijijini. Zifike pia ukumbini, kwa idhini ya wahusika. Kwa wanafunzi wenzetu, pendekezo letu ni jepesi zaidi na gumu zaidi. Mwenzako anapokunong'oneza “Amesema nini?”, usimwambie utamweleza baadaye. Mweleze hapo hapo, hata kama utakosa kichekesho kinachofuata.

Maswali ya Mjadala

1. Kwa kutumia vipengele vinane vya Hymes, changanua tukio moja la burudani ya usiku ulilolihudhuria.

2. “Utani usiojibika ni dhihaka.” Jadili kauli hii ukirejelea utani wa makabila na utani wa jukwaani.

3. Linganisha fomyula za kufungua na kufunga ngano na zile za mshereheshaji.

4. Je, tafsiri ya papo hapo hukiua kichekesho au hukihuisha? Toa mifano kutoka lugha yako ya kwanza na Kiswahili.